Fort Stikine, Bombay 1944: maji yalishindwaje kuuzima moto?

Maalim_Wete aliuliza:

Assalaam alaykum wanabaraza,

Nasomesha historia skuli ya sekondari huku Wete, na muhula huu tumo katika Vita vya Pili vya Dunia upande wa Bahari ya Hindi. Kilindini wanafunzi wanaijua, namna manowari za Waingereza zilivyohamia pale mwaka 1942. Meli ya Khedive Ismail wanaijua pia, ile iliyotoka Kilindini na askari wa Afrika Mashariki ikapigwa topido na nyambizi ya Kijapani Februari 1944. Huko adui anaonekana, mtoto anaelewa. Nilipofika kwenye meli ya Fort Stikine, iliyoripuka ikiwa imefungwa gatini Bombay tarehe 14 Aprili 1944 bila adui yeyote kuigusa, darasa zima likanivaa kwa masuali na kitabu hakina jawabu.

Moto uligunduliwa karibu saa nane mchana. Meli iliripuka saa kumi na dakika sita. Saa mbili nzima, zimamoto wapo, bahari ipo chini ya miguu yao. Maji yalishindwaje? Halafu, baharia aliyesimama juu ya sitaha siku ile alikuwa na dalili gani za kumwambia kwamba muda umekwisha? Mwanafunzi mmoja, mtoto wa nahodha, ameuliza kwa nini wasiitoboe ikazama pale pale. Na mwengine kashikilia kwamba pamba iliwaka yenyewe.

Habari za walionusurika ninazo za kutosha. Ninachokosa ni sababu, nipate kuzichora ubaoni. Wengi humu mmekula chumvi ya bahari, nisaidieni.

---

Serahangi_Malindi alijibu:

Waalaykumu salaam Maalim. Anza na upakiaji, usianze na moto. Meli ile ilishakuwa na hukumu yake tangu shehena ilipopangwa.

Fort Stikine ilikuwa meli ya mizigo ya tani 7,142, imeundwa Canada mwaka 1942. Iliondoka Birkenhead, Uingereza, tarehe 24 Februari 1944 ikiwa na tani 1,395 za viripuzi na zana za kivita, na katika hizo tani 238 zilikuwa za daraja la hatari zaidi. Ikapita Gibraltar, ikapita Port Said, ikafika Karachi. Karachi sehemu ya shehena ilishushwa, na nafasi iliyobaki wazi ikajazwa marobota ya pamba na mapipa ya mafuta ya kulainishia mitambo, pamoja na mbao na vyuma chakavu. Nahodha wake, Alexander Naismith, hakuupenda mchanganyiko ule na alisema hivyo. Lakini vitani nafasi ya meli haiachwi tupu, na nahodha hana sauti mbele ya idara ya usafirishaji.

Sasa chukua chaki. Chora falka namba 2 (chumba cha shehena) kwa upande, kama umeikata kisu. Chini kabisa weka pamba. Katikati piga mstari: hiyo ni sitaha ya kati, bamba la chuma lenye uwazi wa mraba uliofunikwa mbao. Juu ya mstari huo weka viripuzi. Juu yake tena sitaha kuu na mdomo wa falka. Ukishachora hivyo jawabu la suali la kwanza linaonekana: viripuzi vimekaa kama mkate wa kumimina, na makaa yako chini.

Pamba ya robota haiwaki kama pamba ya mto. Imeshinikizwa mpaka mita moja ya ujazo inakuwa na uzito wa kilo 450 hivi. Mwali hauingii ndani, unatambaa: moto mwekundu usio na ulimi unakwenda polepole katikati ya nyuzi, unatumia hewa iliyonaswa humo humo. Ukilipiga robota kwa mpira wa maji, maji yanalowesha ngozi ya nje sentimita chache, kisha yanateremka pembeni. Ndani moto unaendelea na safari yake.

Na hapa ndipo penye ubaya wenyewe. Kilo 450 kwa mita ya ujazo ni chini ya nusu ya uzito wa maji. Robota linaelea. Zaidi ya tani 900 za maji zilimiminwa ndani ya meli ile. Maji yakajaa chini, marobota yakapanda juu yake pamoja na moto wao, yakaenda kugusa dari. Dari ya falka ya chini ndiyo sakafu ya viripuzi. Kwa hiyo kila tani iliyomwagwa kutoka juu ilikuwa inaupandisha moto kule kule ambako hautakiwi. Wazima moto walifanya kazi yao kwa ushujaa, na 66 kati yao walikufa (India mpaka leo tarehe 14 Aprili ndiyo siku yao ya kuwakumbuka wazima moto), lakini moshi ulikuwa mzito, kiini cha moto hawakukiona, wakawa wanamimina kwenye mdomo wa falka na kutaraji.

Kiini cha moto wa falka hakitafutwi kwa macho kupitia mdomo wa falka. Hutafutwa ubavuni. Mwaga maji ubavu mzima kwa usawa, kisha angalia bamba linakauka wapi kwanza na rangi inababuka wapi. Hapo ndipo. Kuanzia hapo unapoza bamba kutoka nje, na ukiwa na kifaa cha kukatia unatoboa tundu dogo la kuingizia ncha ya mpira usawa wa moto wenyewe.

Jengine la kuwaambia watoto: kabla ya vita meli yenye viripuzi haikuruhusiwa kuingia gati za ndani pale Bombay. Ilitia nanga nje na matishari yakaifuata. Vita vikalegeza kanuni. Na bendera nyekundu ya kuonya kwamba meli ina viripuzi haikupandishwa. Meli jirani hazikujua zimelala karibu na nini. Jalapadma, meli ya tani elfu kadhaa, ilitupwa ikapanda juu ya gati.

---

Chifu_Injini alijibu:

Serahangi kamaliza upande wa sitaha. Mimi nichukue lile suali la mtoto wa nahodha, kwa sababu ni suali zuri kuliko linavyoonekana. Watu wazima waliokuwa pale gatini walibishana hilo hilo: wengine waivute nje, wengine waizamishe hapo hapo.

Kuizamisha. Tuchukue meli ya ukubwa ule, mita 130 na kidogo kwa urefu, upana mita 17. Kuishusha sentimita moja tu majini inahitaji karibu tani 18 za maji ndani yake. Tuseme chini ya mkuku (uti wa chini wa meli) pana maji ya mita moja na nusu mpaka kugusa tope. Hizo ni sentimita 150 mara 18, yaani tani 2,700. Sasa maji yaingie wapi? Fungua tundu la bomba la sentimita 20, lililo mita sita chini ya usawa wa bahari. Mwanzo litaleta tani kama 750 kwa saa. Gawanya: saa tatu na nusu. Wao tangu kugundua moto mpaka mripuko walikuwa na saa mbili, na sehemu kubwa ya muda huo iliondoka katika kupigana na moto.

Na matundu ya bahari yako chumba cha injini, hayako falka namba 2. Mabomba ya kunyonya maji ya ngama (sehemu ya chini kabisa ya chombo) yanayokwenda kwenye falka yana vali za upande mmoja, zimewekwa makusudi ili maji ya bahari yasirudi ndani ya shehena. Ukitaka kuijaza falka kwa njia hiyo lazima uzifungue vali na kutoa vilango vyake, kazi ya fundi mwenye spana na utulivu. Ukijaza chumba cha injini badala yake, umeua pampu zako, umeua winchi zako, na falka bado kavu.

Halafu kuna jambo ambalo watu hulisahau. Meli ikikaa chini kwenye maji ya mita tisa, maji ndani yatafika mita tisa kutoka mkukuni, basi. Sitaha ya kati ya meli kama ile iko karibu na usawa huo. Pamba ingezama, viripuzi vingebaki vikavu au vingelowa nyayo tu.

Kuivuta nje. Victoria Dock, pale ilipofungwa Fort Stikine, ni gati la ndani lenye mlango, si gati la wazi kama letu pale Malindi. Unahitaji matagi (vyombo vya kuvutia meli), unahitaji kukata mipira yote ya zimamoto iliyotoka nchi kavu, unahitaji mtu wa kubaki sitahani kushika kamba, na unaipitisha meli inayowaka katikati ya meli nyengine. Ingewezekana katika nusu saa ya mwanzo. Baada ya hapo ni kamari. Maoni yangu, na najua wako watakaonipinga: uamuzi wenye faida uliobaki ulikuwa mmoja tu, kuondosha watu. Huo haukutolewa. Hapakuwa na king'ora cha kuwatoa watu gatini, na walikuwepo mamia, wengine wamesimama wanatazama moto.

Dalili alizokuwa nazo baharia, kwa mpangilio:

Moshi wa pamba ni wa kijivu, unatoka kivivu. Hapo bado una muda. Kisha sitaha haikanyagiki, joto linapita kwenye soli, na maji yaliyosimama juu ya sitaha yanaanza kufuka. Kwenye Fort Stikine hata maji yaliyouzunguka ubavu yalikuwa yanachemka. Ukiona hivyo ujue bamba la ndani lina joto ambalo kwalo viripuzi vingi vya jeshi vimekwishayeyuka. TNT, kiripuzi cha kawaida cha jeshi, inayeyuka kwa nyuzi 80 tu za selsiasi, chini ya maji yanayochemka, na ikiyeyuka inachuruzika kwenye kila upenyo, pamoja na zile mbao za falka. Dalili ya mwisho ni rangi ya moshi kugeuka kahawia au manjano yenye wekundu, na mwali kupanda wima kwenye mdomo wa falka kwa mngurumo. Hapo si pamba tena inayoungua. Dakika zinahesabika.

Amri ya kuiacha meli ilitoka saa kumi kasoro dakika kumi. Mripuko ukaja dakika 16 baadaye. Mtu anayetembea haraka anafika kilomita moja na nusu. Vioo vilivunjika umbali wa kilomita 12. Nahodha Naismith alikufa. Mripuko wa pili, saa kumi na nusu na dakika nne, ulitoka kwenye viripuzi vya upande wa tezi (nyuma ya meli), na huo uliwakuta waliokimbilia kuokoa majeruhi wa ule wa mwanzo. Mitambo ya kupimia mitetemeko ya ardhi pale Colaba iliinukuu yote miwili.

---

Bw_Funguni aliandika:

Ahsanteni kwa darsa. Wazee wa mtaani wanasema hata hapa Unguja ipo manowari iliyojiripukia yenyewe, na mabaharia wake ndio wale waliozikwa Chapwani. Kweli?

---

Chifu_Injini alijibu:

Hiyo ni Pegasus, manowari ya Waingereza, sheikh, na haikujiripukia. Asubuhi ya tarehe 20 Septemba 1914 ilikuwa imetia nanga mbele ya mji, mitambo yake imefunguliwa inatengenezwa. Königsberg ya Wajerumani ikaja ikaipiga. Pegasus ilikuwa na mizinga minane ya inchi 4, Königsberg kumi ya sentimita 10.5 inayofika mbali zaidi. Mmoja alipiga, mwengine makombora yake yaliishia majini. Walikufa mabaharia 38. Meli ya mvuke iliyopoa mabila yake (matangi ya kuchemshia maji) haiondoki kwa dakika tano, inahitaji masaa kupandisha mvuke, kwa hiyo hata kukimbia hawakuweza.

Ukitaka manowari zilizoripuka zenyewe vita vile vile, Waingereza walipoteza tatu kubwa zikiwa bandarini kwao: Bulwark tarehe 26 Novemba 1914, Natal tarehe 30 Disemba 1915, Vanguard tarehe 9 Julai 1917. Vanguard peke yake ilichukua watu zaidi ya 800, na waliokuwemo ndani wakatoka hai ni wawili. Kwenye Bulwark lawama iliangukia baruti ya mizinga iliyowekwa karibu na ukuta wa chumba cha mabila.

---

Bint_Maabara alijibu:

Naingia hapo kwa baruti ya Bulwark, maana inajibu na lile suali la pamba kuwaka yenyewe.

Baruti ya mizinga ya zamani hizo, ile isiyotoa moshi mwingi, huoza polepole tangu siku ilipotengenezwa. Inapooza inatoa joto na gesi za asidi, na gesi hizo zinaharakisha uozo. Kiwandani huchanganywa na dawa ya kuzimeza gesi hizo. Dawa ikisha, hakuna breki. Kila nyuzi kumi za joto zinazoongezeka stoo, kasi ya uozo inakaribia kuongezeka mara mbili. Ndiyo maana kuiweka ikiegemea ukuta wa chumba cha mabila ni kuifupishia umri bila ya mtu kuona.

Kitu chochote kinachojipasha joto kinafuata hesabu hiyo hiyo: joto linalozaliwa ndani likizidi linalotoka nje, kinapanda mpaka kinawaka. Rundo kubwa ni baya kuliko dogo kwa sababu katikati yake hakuna pa kupumulia.

Pamba ya Karachi je? Pamba safi, kavu, iliyoshinikizwa, haijiwashi kirahisi. Iliyolowa au iliyoshika mafuta ndiyo yenye tabia hiyo. Najua wapo watakaosema: si yalikuwemo mapipa ya mafuta ya mitambo? Hapana, hayo hayafai kuwa sababu. Mafuta yanayochimbwa ardhini, kama hayo ya mitambo, kwa kawaida hayanyonyi oksijeni ya kutosha kujipasha. Yanayonyonya ni ya mimea na ya samaki, tena si yote sawa. Kipimo chake ni namba ya iodini: ikiwa kubwa, mafuta yananyonya zaidi. Mafuta ya kitani yanafika 170 na zaidi, hayo ni hatari kabisa kwenye tambara. Ufuta uko 100 na ushei. Nazi haifiki hata 11. Kwa hiyo mtuhumiwa mkubwa wa Bombay anabaki yule yule anayetajwa siku zote: sigara iliyotupwa na mtu aliyekuwa akifanya kazi falkani.

Mafundi wa majahazi wasichukue hayo kama ruhusa. Mafuta ya sifa ni ya samaki, namba yake kwa kawaida inapita 100. Tambara au pamba ya kalafati (ya kuzibia mianya ya mbao) iliyochovywa sifa, ikafinyangwa na kutupwa kwenye kona ya banda, inaweza kuwaka usiku bila mtu. Itandaze nje penye hewa mpaka ikauke, au itie kwenye kopo la bati lenye maji na mfuniko.

---

Jahazi_Mkokotoni aliandika:

Bibie umenitia wasiwasi. Siye tunabeba mkaa na mbata. Ukisema nazi haifiki 11 maana yake mbata salama?

---

Bint_Maabara alijibu:

La, kaka. Mbata inajipasha kwa njia nyengine: unyevu. Iliyokauka sawasawa ina maji asilimia 6. Ikipanda 8 au zaidi ukungu na wadudu wanaanza kazi, nao wanapumua, wanatoa joto. Kwa usafirishaji wa baharini mbata ni namba 1363 ya Umoja wa Mataifa, daraja la 4.2, yaani vitu vinavyoweza kujiwasha. Mkaa ni 1361, daraja hilo hilo. Pamba iliyolowa 1365, hilo hilo tena.

Ivunje mbata kwa mkono. Kavu inakatika kwa mlio na nyama ya ndani ni nyeupe. Inayokunjika kama ngozi irudishe juani.

---

Serahangi_Malindi alijibu:

Hapo kwenye madaraja niongeze, kwa faida ya Maalim. Kanuni za leo za shehena za hatari zinataka viripuzi vya daraja la 1.1 (vinavyoripuka vyote kwa mpigo mmoja) vitenganishwe na vitu vya 4.1 (vinavyowaka kirahisi) au 4.2 kwa falka nzima katikati, tena kwa urefu wa meli, si juu na chini. Kwa hesabu hiyo, pamba iliyolowa ikiwa falka namba 2, viripuzi haviwezi kuwa namba 1 wala namba 3. Vinaanzia namba 4. Mchoro wa Fort Stikine, kitu juu ya kitu ndani ya falka moja, ungekataliwa mezani kabla slingi haijanyanyuka.

Jahazi_Mkokotoni, kwa mkaa: tangu mwanzo wa 2026 meli za kimataifa zinatakiwa kuhakikisha mkaa umekaa siku 14 baada ya kutoka tanurini, joto lake siku ya kupakiwa lisizidi nyuzi 40, na juu ya shehena ndani ya kontena ibaki nafasi ya sentimita 30. Jahazi halina kontena, lakini siku 14 zinakuhusu wewe zaidi kuliko wao, kwa sababu gunia linaloonekana limepoa nje linaweza kuwa na donge jekundu ndani. Usipakie mkaa ulionyeshewa. Usiuegemeze kwenye ukuta wa mashine wala bomba la moshi. Petroli na mitungi ya gesi isikae juu ya falka yenye mkaa au mbata. Huo ndio mchoro wa Bombay kwa udogo wake, na tunauona kila siku.

Chukua nondo ya milimita 12, ndefu ya kufika katikati ya rundo. Ichomeke, iache robo saa, ichomoe na uishike upande uliokuwa ndani. Ukiweza kuishika bila shida, sawa. Ikikulazimisha kuiachia, hapo katikati pamepita nyuzi 50 na kuelekea 60, usiondoke bandarini.

Moshi ukitoka mkiwa safarini, msifunue falka kutazama. Hilo ndilo kosa la kila mtu. Ukifunua unaipa hewa. Ziba mdomo wa falka kwa turubai lililolowa, ziba na matundu ya hewa, hesabu watu wote wawe juu, mitungi na madumu yasogezwe mbali, piga redio chaneli 16, elekea pwani ya mchanga iliyo karibu. Mwagieni maji mbavu na sitaha kupoza. Meli kubwa za leo hapo hufungulia kaboni dayoksidi: kiwango chake ni asilimia 30 ya ujazo wa falka kubwa kuliko zote. Falka ya mita za ujazo 3,000 inataka gesi mita 900, na kilo moja inatoa mita 0.56, kwa hiyo ni kilo 1,600 hivi, mitungi 36 ya kilo 45. Kwa pamba au mkaa gesi hiyo inazuia tu, haimalizi. Falka hubaki imefungwa siku kadhaa mpaka joto lishuke. Kwa viripuzi haisaidii hata kidogo, kwa kuwa vina oksijeni yao ndani.

---

Chifu_Injini aliandika:

Na msishuke ngamani kumfuata mwenzenu aliyeanguka. Mbata, mkaa na mazao mabichi hula oksijeni hata bila moto, na mkaa ukianza kupata joto unatoa kaboni monoksidi isiyo na harufu. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9. Ikishuka chini ya 16 akili inaanza kuvurugika, na chini ya 10 mtu anaanguka bila kupata nafasi ya kupiga kelele. Anayeanguka ni mmoja, wanaokufa ni watatu, kwa sababu wawili waliruka kumtoa. Kama hakuna moshi wala joto, fungueni falka pande zote mbili upepo upite, mwenye kushuka afungwe kamba kifuani kabla ya kushuka, na anayeishika kamba asiondoke juu. Chombo cha kupimia hewa siku hizi kinapatikana, kinunueni kwa ushirika.

---

Maalim_Wete aliandika:

Allah awalipe kheri nyote. Ubao umejaa. Jambo moja tu: hili la robota kuelea na kupandisha moto, naweza kuwaonyesha darasani bila ya moto?

---

Serahangi_Malindi alijibu:

Unaweza, Maalim. Tafuta ndoo ya plastiki inayoonyesha ndani. Chukua pamba ya dukani, ishindilie kwenye vifuko vidogo vya nailoni vyembamba na uvifunge kwa uzi. Nailoni inachelewesha kulowa, kama ukaze wa robota unavyofanya. Vijaze chini mpaka theluthi ya ndoo. Kimoja kitie utepe mwekundu, hicho ndicho kinachoungua, kiweke katikati ya kimo kikigusa ubavu wa ndoo kionekane. Kisha kata kipande cha mbao nyembamba kitakachokwama robo tatu ya ndoo kwenda juu, ukitoboe tundu la kupitishia maji, na juu yake panga viberiti vitupu. Mwambie mtoto amimine maji taratibu kupitia tundu huku wengine wanatazama utepe. Usimimine kwa kasi, maana vifuko vitapinduka na utepe utajificha. Ukifika lita tatu au nne, kwa ndoo ya lita kumi, vifuko vitakuwa vimepanda karibu na mbao, utepe pamoja navyo. Waulize hapo kama waendelee kumimina.